Kitabu cha Binti wa Kasisi

Wapo wenzetu, nao ni watu waliosoma, wasemao ya kuwa kitabu cha Bibi Jane Austen kiitwacho Pride and Prejudice, kilichopigwa chapa London mwaka 1813, hakina faida kwa watu wa Ugogo. Husema, "Kina nini ila ngoma za Wazungu matajiri na kunywa chai?" Maneno hayo twayakataa kabisa, tena twadhani wayasemao waliishia kurasa za kwanza.

Na wasome mbele. Mzee Bennet ana mabinti watano, wala hana mtoto wa kiume. Basi siku atakapokufa nyumba na shamba vitamwendea jamaa yake Collins. Je, jambo hili ni geni huku Mvumi na Mpwapwa? Ng'ombe wa baba huenda kwa nani? Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti daraja la tatu katika urithi. Collins, naye ni kasisi (makasisi wetu na watusamehe), aja kumposa Elizabeth. Binti akataa. Collins hasadiki, adhani wanawake hukataa kwa madaha tu. Mama aapa hatamtazama tena mtoto huyu asipoolewa. Baba asema yeye hatamtazama akiolewa.

Twawauliza wazee wa posa: ni baba wangapi kwetu, ng'ombe wakiisha kuonyeshwa na wajomba wakiisha kuhesabu fungu lao, wathubutuo kusema neno kama lile? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, tena yasema kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa. Lakini hiari ya binti huulizwa lini? Mara nyingi ni kanisani, mbele ya watu waliokwisha kuvaa nguo za arusi. Nani atajibu hapana hapo?

Charlotte, mwenye miaka 27 wala hana mali, alimkubali Collins yule yule apate nyumba. Wengine humcheka, sisi hatumcheki. Bibi Austen mwenyewe, binti wa kasisi wa kijiji, mwaka 1802 alimkubali jioni mposaji mwenye mashamba makubwa, akamkataa asubuhi yake, asiolewe mpaka kufa kwake mwaka 1817. Alijua bei ya neno lile. Ndiyo maana hata Darcy, mwenye pauni 10,000 kwa mwaka, akataliwa mara ya kwanza, kwa kuwa aliposa kama mtu atoaye sadaka.

Watakao kitabu hiki kiondolewe katika makabati ya shule, na watuambie kwanza ni neno gani ndani yake waogopalo binti zao walisome.