Mtandio Usio na Nakshi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na aghalabu husadifu. Lakini upo mtandio mmoja wa Kashmir, kaskazini mwa Bara Hindi, unaoikaidi. Ni mtandio wa pashmina, wa rangi moja, uliofumwa kwa mkono, usio na ua wala tarizi. Uzuri wake hauonekani kwa mbali, na kwa sababu hiyo vibaya vimejitembeza kwa jina lake hadi vikajaa masoko ya dunia.

Tuanze na mbuzi. Neno pashmina latokana na Kiajemi, ambamo "pashm" ni sufu. Sufu yenyewe hutoka kwa mbuzi wa Wachangpa, wafugaji wa kuhamahama wa uwanda wa Changthang huko Ladakh, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko humwotesha mbuzi, chini ya manyoya yake magumu, manyoya mengine laini mno, ambayo unene wake ni kama maikroni 12 hadi 16. Majira ya baridi yakiisha, manyoya hayo hulegea yenyewe, na mfugaji huyachana kwa chanuo.

Kutoka huko sufu husafirishwa hadi Srinagar, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wanawake, wengi wao wakiwa majumbani mwao, huisafisha, huichanganya na unga wa mchele ili iwe imara na safi, kisha huisokota kwa gurudumu la mbao kuwa uzi mwembamba ajabu. Mfumaji huutandaza uzi huo kitandani mwake, akapitisha mshindio katika mtande siku baada ya siku. Katika shali iliyotariziwa, ua laweza kuficha uzi mbovu. Katika mtandio mtupu hakuna pa kuficha: kila fundo na kila unene usio sawa waonekana. Naam, mtandio usio na nakshi ndio mtihani hasa wa msokotaji.

Na msokotaji huyo hulipwa nini? Desturi ni kumlipa kwa fundo, yaani nyuzi kumi fupi zilizofungwa pamoja, na kwa miaka mingi fundo moja lilimpatia rupia moja tu. Sishangai kwamba mabinti wengi wameliacha gurudumu la mama zao. Wenye mitambo hawakukawia kuijaza nafasi hiyo. Kwa kuwa sufu hii ni dhaifu mno kwa mashine, huichanganya na nailoni, kisha huiyeyusha nailoni hiyo kwa asidi kitambaa kikishafumwa. Asidi haichagui, nayo sufu huathirika. Tena hao ni afadhali, maana kuna wauzao pashmina isiyowahi kumjua mbuzi.

Mwanafunzi wa historia atauliza iwapo haya ni mapya. La, hasha. Katika mkataba wa Amritsar wa mwaka 1846, Waingereza walimtaka mtawala wa Kashmir awape kila mwaka farasi mmoja, mbuzi 12 wa sufu ya shali, na shali jozi tatu. Kule Uskoti, wafumaji wa mji wa Paisley waliyaiga maua ya shali za Kashmir, na hadi leo Mwingereza huliita ua hilo kwa jina la mji huo. Mnamo Aprili 1865 wafumaji wa Srinagar waliandamana kulalamikia kodi iliyowaelemea, wakashambuliwa na askari, na baadhi yao wakafa. Shali ilitukuzwa, aliyeifuma alikandamizwa.

Mwaka 2008 India iliisajili pashmina ya Kashmir kuwa jina la mahali, lisiloruhusiwa ila kwa kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono, na mitandio hupimwa Srinagar kabla ya kubandikwa alama. Hatua hiyo naiunga mkono. Sisi wenyewe tulionja uchungu wa jambo hili pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulisajili jina la kikoi kuwa mali yake, mpaka pingamizi likawekwa.

Hata hivyo, alama hiyo humlinda mwenye duka kabla ya kumlinda mwenye gurudumu. Yamwambia mnunuzi kwamba uzi ulisokotwa kwa mkono. Haimwambii mkono huo ulipata ngapi. Maadamu maabara yaweza kupima unene wa unywele wa mbuzi, haishindikani kuandika kando yake malipo ya fundo moja, ili anunuaye mtandio mtupu kwa bei ghali aone ni sehemu gani ya fedha zake iliyomfikia yule mama.