Steringi, Adui na Abigaili

Wazee wetu wa kanisa wana hasira na kibanda umiza. Barua imeshaandikwa kumwomba mtendaji akifunge, na sababu zimepangwa vizuri: vijana hawaji kwaya, vijana wanajifunza ujambazi, na picha zenyewe ni za Shetani. Barua hiyo tumeisoma na tunaipinga. Tunaipinga hapa, mbele ya washarika wote, maana mambo haya yamesemwa pembeni ya chai baada ya ibada kwa muda mrefu mno.

Wengi wanaokilaani kibanda hawajawahi kuinama kuingia ndani yake. Sisi tumeingia. Hapa Michenga, mpunga ukishatoka shambani na watu wakisharudi kutoka kwenye madungu walikokuwa wakiwinga ndege, vijana huwa na vihela kidogo na jioni ndefu. Unalipa mia tatu mlangoni, unakaa kwenye benchi la mbao, turubai jeusi limeziba mwanga, joto linakutoa jasho mpaka unaelewa kwa nini watu wamekiita umiza. Picha imetafsiriwa. Sauti ya Mtanzania mwenzetu inafunika Kiingereza, kazi ile ile iliyompa Lufufu jina miaka iliyopita, na mtafsiri hatafsiri maneno tu: anatania, anaonya, anamfanya muuaji wa New York aongee kama mtu aliyekulia Kibaoni. Tuliyekaa naye benchi moja alikuwa mwanafunzi wetu wa kipaimara. Jumamosi iliyofuata, darasani, aliuliza: "Mchungaji, John Wick ataenda mbinguni?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na swali lile hatukulijibu siku ile.

Kwa asiyemjua John Wick: picha ya kwanza ilitoka mwaka 2014, akiigiza Keanu Reeves. Ni muuaji wa kukodiwa aliyeacha kazi kwa sababu ya mke. Mke anafariki kwa ugonjwa, na zawadi yake ya mwisho kwa mumewe ni mbwa mdogo. Mtoto wa bosi wa majambazi anavamia nyumba, anaiba gari, anamuua yule mbwa. Kutoka hapo ni damu mpaka mwisho, na picha nyingine tatu zikafuata hadi 2023. Mwaka huo huo wa 2014 Denzel Washington alitoka na The Equalizer: mfanyakazi mpole wa duka la vifaa vya ujenzi, usiku hapati usingizi, anasoma vitabu mgahawani, kumbe zamani alikuwa muuaji wa serikali, na adui zake wanakuja kumalizwa kwa vifaa vya dukani kwake.

Hao ndio masteringi wa siku hizi. Tuliokuwa watoto zamani tulizoea steringi msafi, kama yule wa Commando ya 1985: binti yake ametekwa, baba anakwenda kumkomboa, mambo kwisha. Steringi wa leo mikono yake ilishachafuka kabla picha haijaanza. Lakini tusijifanye hili limeingia juzi na simu za watoto. Wazee wanaosaini barua ile walisoma Willy Gamba wa Elvis Musiba kwa taa ya kibatari, na Willy Gamba hakuwa mzee wa kanisa: alipenda vinywaji, alipenda wanawake, aliua, na walimshangilia. Walimshangilia na Rambo pia, mpaka mfuko wa plastiki tukauita rambo, na tukaendelea kuuita hivyo hadi serikali ilipoupiga marufuku mwaka 2019. Na anayeikumbuka ile picha ya kwanza ya Rambo, ya 1982, atakumbuka kwamba inaishia na mwanajeshi analia kama mtoto kwa yale aliyoyaona vitani, kisha anajisalimisha.

Basi kwa nini tunampenda mtu huyu? Barua inasema ni kwa sababu vijana wanapenda uovu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Tazameni vizuri. Kabla John Wick hajafyatua risasi moja, tunamwona amekaa na msiba wake. Tunamwona akimpokea mbwa. Mtengeneza picha anatuweka upande wa mfiwa kwanza, ndipo anampa bunduki. Zaidi ya hapo, steringi huyu hajifichi. Anajua yeye ni nani na hasingizii mtu. Sasa linganisheni na ushuhuda tunaousikia kwenye mikutano yetu: zamani nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi, siku moja nikaokoka, tangu hapo ni mweupe. Kijana aliyeokoka Jumapili na kuanguka Jumatano anasikiliza ushuhuda huo na kujua kwamba hauna nafasi yake. Anakwenda kibandani, anamkuta mtu mwenye wema na uchafu ndani ya ngozi moja. Ajabu ni kwamba hayo ni mafundisho yetu sisi! Luther ndiye aliyetufundisha kwamba aaminiye ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Kila Jumapili tunaanza ibada kwa kuungama, mchungaji na kwaya na wazee pamoja. Halafu tunatoka nje na kuishi kana kwamba maungamo yale yalikuwa ya watu wa benchi la nyuma.

Liko jambo la tatu, na katika bonde hili la Kilombero ndilo linalouma zaidi. Steringi anafanya kitu. Mtu ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe wa watu, akaripoti, akaambiwa njoo kesho, kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa misimu miwili, faili halionekani na mwenye ng'ombe anapita na pikipiki mpya: mtu huyo akikaa kibandani akaona kesi inafunguliwa na kufungwa kwa saa mbili, tumlaumu akipiga makofi? Mfugaji naye anayo madai yake, na yake pia yamelala kwenye faili. Njaa ya haki si dhambi. Manabii walikuwa nayo.

Na Biblia yenyewe imejaa watu hawa. Samsoni aliwaua watu thelathini wa Ashkeloni kwa sababu ya kitendawili cha harusini, na sala yake ya mwisho aliomba kisasi kwa ajili ya macho yake. Yeftha alifukuzwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa kahaba, akakusanya watu wasio na kazi, na nadhiri yake ya haraka ikamgharimu binti yake. Wote wawili wametajwa kwa majina katika Waebrania 11:32, kwenye orodha ya watu wa imani. Kama picha ni ya Shetani kwa sababu tu steringi wake ni mchafu, basi itabidi barua nyingine iandikwe dhidi ya kitabu cha Waamuzi.

Kosa la picha hizi liko mahali pengine, na linaonekana vizuri ukisoma 1 Samweli 25. Daudi yuko porini na watu wake. Ametuma vijana kwa tajiri Nabali kuomba chakula wakati wa kukata kondoo manyoya, baada ya kuwalinda wachungaji wake muda wote. Nabali anawatukana. Daudi anawaambia watu wajifunge panga, mia nne wanaondoka naye, na nia yake ni kwamba hadi alfajiri asibaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile. Hiyo ni picha ya kibandani kabisa. Ameonewa, ametukanwa, anayo silaha na anayo sababu. Muziki unapanda.

Kisha anatokea mwanamke juu ya punda. Abigaili, mke wa Nabali, amepakia mikate mia mbili, divai, kondoo, bisi na zabibu, na anashuka mlimani kuwakuta wenye panga kabla hawajafika. Anamwinamia Daudi na kumwambia, kwa adabu lakini bila kupindisha, kwamba damu hii itamkalia moyoni siku atakapokuwa mfalme. Daudi anasimama. Anamshukuru kwa kumzuia. Ndiyo maana siku ile steringi wetu hakuwa muuaji wa nyumba nzima.

Kwenye picha hakuna Abigaili. Wanaomjia steringi njiani karibu wote ni wa kumsaidia kuua au wa kuuawa. Na hao wanaouawa, mmewahi kuona matanga yao? Watu wanaanguka kwa makumi na hakuna turubai linalofungwa, hakuna mama anayekaa kwenye mkeka, hakuna daftari la rambirambi. Adui hana kwao. Huo ndio uongo tunaoukataa.

Tunaukataa kwa sababu tumeona gharama yake. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, ambao hatutautaja, kijana alishikwa mchana akituhumiwa kuiba pampu ya maji. Walioanza kumpiga walikuwa na madai ya kweli, pampu nyingi zilikuwa zimepotea. Baadhi yao tulikuwa tumewawekea mikono kwenye kipaimara. Wakati huo sisi tulikuwa kwenye kikao cha baraza la wazee, na mnaweza kukisia ajenda: maadili ya vijana na vibanda vya video. Kelele zilipita barabarani. Tulizisikia. Mmoja alisema, "Wamemkamata mwizi," mwingine akafunga dirisha, mchungaji akaendelea kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mchungaji huyo ndiye anayeandika haya. Kijana alifariki kabla ya jioni. Wengi waliokuwa pale walikuwa watu wazima ambao hawajawahi kukanyaga kibandani, na hakuna picha iliyowafundisha. Walikuwa wanaocheza usteringi, na sisi wenye panda na mikate tulikuwa ndani.

Katekisimu Ndogo tunaikaririsha watoto. Kwenye Amri ya Tano, Luther haishii kwenye kukataza kuua: anadai tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kufunga dirisha kumo ndani ya amri hiyo.

Kwa hiyo, wazee wetu, tunaomba barua kwa mtendaji isipelekwe. Kibanda kikifungwa, vijana watatazama picha zile zile kwenye simu, peke yao, bila hata mtafsiri wa kuwatania. Tunaomba ruhusa ya jambo jingine: darasa la kipaimara litazame John Wick pamoja nasi, kisha tufungue 1 Samweli 25 jioni ile ile, na yule kijana ajibiwe swali lake. Tutamwambia kwamba Mungu ameokoa watu wenye mikono kama ile, na kwamba hukumu ya John Wick si yetu. Kisha tutamuuliza nani angeshuka mlimani kumkuta njiani.

Na katika kikao kijacho tunaomba ajenda ya kwanza iwe hii: kelele zikipita tena barabarani, ni nani kati yetu atakayetoka, na nani atakayemfuata.