Ukurasa wa Jamaa: Noeli ya furaha kwa franka kidogo



Noeli inakaribia. Huku Wamaza, na kule Namoya na Salamabila kwenye zahabu, wengi wanauliza: bila franka, feti itakuwa feti gani? Jaribuni hivi tarehe 25 Desemba, nyuma ya ibada.

1. Maulizo. Fanyeni makundi mawili, wazee na watoto pamoja. Uliza: Mamajusi walikuwa wangapi? Wengi watajibu watatu! Someni Matayo 2: anataja zahabu, ubani na manemane, lakini watu hakuwahesabu. Tena: Maria alipanda punda kwenda Betelehemu? Luka 2 haimtaji punda. Mutacheka sana.

2. Mchezo wa wachungaji. Vitenge vya mama vinatosha kuwa nguo. Yule mtoto mwenye haya, mumupe kazi ya malaika.

3. Chungu kimoja. Kila nyumba ilete kidogo: mchele, sombe, karanga. Majirani Waislamu ni wengi kwetu. Kama kuna mbuzi, mwombeni mmoja wao achinje, ili wote wale.

Lakini angalieni. Baba wengine bado wako kwenye mashimo, wengine wamerudi mikono mitupu. Basi musifanye mashindano ya nguo mpya, wala musiulize watoto wamepewa nini. Mtoto mmoja akirudi nyumbani analia, feti yetu imeharibika.

Muanze saa nane, mumalize mbele ya giza, wasichana wasirudi peke yao.

Noeli njema!