Tuwatajie Watoto Maradhi ya Wazee Wao

Mtu afapo kwa saratani, aghalabu jamaa zake husema kuwa aliugua tumbo, au alipatwa na jicho la watu, na kwa kuwa kumsitiri maiti ni wajibu, jina la maradhi yake huzikwa pamoja naye. Nia ni njema. Lakini yako maradhi ambayo kuyaficha ni kuwadhulumu walio hai, nayo ni yale yafuatayo nasaba.

Mwaka 1990, Mary-Claire King, mtaalamu wa elimu ya urithi wa Marekani, alidhihirisha kuwa katika kromosomu ya 17 ipo jeni ambayo, ikiwa na kasoro, saratani ya matiti hukithiri katika ukoo. Jeni hiyo, iitwayo BRCA1, husaidia kurekebisha madhara yanayozipata chembe za mwili. Na katika wanawake walioirithi kasoro yake, zaidi ya 60 kwa kila 100 huugua saratani ya matiti maishani mwao. Mzazi aliye nayo, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuipokea. Basi mwanamume asidhani kuwa habari hii haimhusu, maana yamkini ndiye aliyempa binti yake alichokirithi kwa mamaye.

Hata hivyo, kurithi hatari si kurithi ugonjwa wenyewe, na ajuaye mapema ana la kutenda: kuanza kuchunguzwa matiti angali kijana, na baada ya kushauriana na daktari, hata kuondolewa ovari akiisha kuzaa, kwa kuwa kasoro hiyo huongeza pia hatari ya saratani ya ovari, ambayo hujificha hadi ikaenea. Uamuzi huo ni mzito, na mwenye mwili ndiye mwenye kauli.

Kupimwa jeni ni ghali, lakini kumwuliza shangazi hakuna gharama: nani aliugua, saratani ya kiungo gani, akiwa na umri gani? Daktari akiyapata majibu hayo, atajua nani wa kuangaliwa kwa hadhari zaidi.

Wako wanaohofu kuwa mabinti watakosa posa. Sisemi habari itangazwe barazani. Nasema waambiwe wahusika, kwani siri ya ukoo haifichuki kwa kujulikana na wenye ukoo. Katika mirathi twahesabu hata minazi ili haki ya mdogo isipotee. Ujuzi huu nao ni haki yake, na apewe wazazi wangali hai, naye angali na wasaa wa kuutumia.