Tupime Maji Kwanza, Ndipo Tununue

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya siku hiyo kila wizara, kila idara na kila shirika la umma hukaa kitako kuorodhesha mahitaji yake. Katika orodha hizo huwamo mambo makubwa yanayojadiliwa kwa saa nyingi katika Baraza la Wawakilishi, na huwamo pia mambo madogo yanayopita kimya kimya chini ya kifungu cha matengenezo na usafi. Leo tunapenda kulizungumza moja katika hayo madogo, nalo ni vifaa vya kusafishia madirisha ya majengo marefu. Tumelichagua kwa makusudi, kwa sababu fedha za umma mara nyingi hazipotei katika jambo kubwa linalotazamwa na kila mtu, bali katika dogo lisilotazamwa na yeyote.

Visiwa vyetu vimebadilika sura. Zamani jengo la vioo lilikuwa jambo la kuhesabika kwa vidole. Leo hospitali, skuli, ofisi, masoko na jengo la tatu la abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume vyote vina vioo vipana vinavyopanda juu. Na sisi tunaishi katikati ya bahari. Upepo wa Kaskazi unapovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na Kusi unapochukua zamu yake, hubeba munyu na kuupaka juu ya kila kioo kilichoelekea pwani. Munyu huo hauishii kuficha nuru tu. Hula fremu, bawaba na komeo. Kwa hiyo kusafisha madirisha si anasa wala pambo la wakubwa. Ni sehemu ya kuyatunza majengo yaliyojengwa kwa jasho la wananchi.

Lakini nani anayeyasafisha, na kwa njia gani? Njia tuliyoizoea ni ngazi, ndoo, sabuni na kitambaa. Mtumishi hupanda, mkono mmoja ameshika ngazi na mwingine kitambaa, chini yake sakafu imelowa maji ya sabuni. Akiteleza, hakuna kioo duniani chenye thamani ya uti wa mgongo wake. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na wajibu wa mwajiri wa kumlinda mfanyakazi wake haumwachi nje mfagizi na msafishaji. Uingereza nayo, mwaka huo huo wa 2005, ilitunga kanuni za kazi za mahali pa juu, ambazo zinamtaka mwajiri aepuke kumpandisha mtu juu pale ambapo kazi inaweza kufanywa kutoka chini. Msingi huo ni wa busara, na hauna utaifa.

Njia ya kufanya kazi hiyo kutoka chini ipo. Ni mpini mrefu unaorefushwa kipande kwa kipande, mfano wa upondo wa mvuvi, wenye burashi nchani na mpira wa maji unaopita ndani yake. Nasi tutauita upondo wa maji. Msafishaji husimama ardhini, husugua kioo kwa burashi, kisha hukisuuza na kukiacha kikauke chenyewe. Hakuna sabuni wala kitambaa. Siri yake imo katika maji. Maji ya kawaida yakikauka huacha madoa meupe, kwa sababu yamebeba chumvi na madini. Maji yaliyoondolewa vitu hivyo hayana cha kuacha.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Anayenunua upondo bila ya kuyajua maji yake amenunua nusu ya kifaa. Visiwa hivi vina miamba mingi ya matumbawe na chokaa, na maji yanayopita katika miamba hiyo huokota chokaa njiani. Visima vilivyo karibu na pwani huweza kuingiwa na maji ya bahari. Maji ya mtaa mmoja hayafanani na ya mtaa wa pili, wala ya Unguja hayawezi kuchukuliwa kuwa ni sawa na ya Pemba. Kipimo cha kuyajua ni kidogo, hutiwa mfukoni, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mtambo. Husoma miligramu za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita. Kabla ya kuandika zabuni, afisa wa ununuzi na apime maji ya jengo lake, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na aandike tarakimu hizo.

Tutoe mfano wa hesabu. Upondo mmoja ukitumia lita moja na nusu kwa dakika, ukafanya kazi saa 4 kwa siku, utakuwa umetumia lita 360. Ikiwa maji yana miligramu 400 kwa lita, siku hiyo moja itabidi ziondolewe gramu 144 za chumvi na madini. Kuna njia mbili za kuziondoa. Ya kwanza ni chembechembe za resini, ambazo hunasa madini mpaka zikashiba, na zikishiba hazina budi kubadilishwa. Ya pili ni kuyapitisha maji kwanza katika utando unaozuia chumvi, kisha resini ikamalizia kilichobaki. Utando mzuri ukiondoa sehemu 95 katika kila 100, resini itaachiwa gramu 7 na kidogo tu, yaani itadumu mara 20 zaidi. Basi mtambo wa resini peke yake, unaoonekana rahisi siku ya kununua, huweza kuwa mzigo mzito wa kila mwezi, kwa kuwa resini yenyewe inaagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Rahisi huvunja upishi.

Hata hivyo hatusemi kwamba utando ni dawa ya kila mahali. Una masharti yake. Klorini inayotiwa katika maji ya bomba huuharibu, hivyo lazima utanguliwe na chujio la mchanga na takataka, na chujio la makaa. Unahitaji msukumo wa maji, na pale ambapo bomba linatiririka kwa udhaifu patahitajika pampu na umeme. Zaidi ya yote, utando hutupa maji: kwa kila lita moja safi, lita moja au zaidi hutoka ikiwa imebeba chumvi iliyozuiliwa. Kwa mfano wetu, lita 360 za kazi zitadai lita 720 kutoka katika bomba, yaani ndoo 36 za lita 20, na ndoo 18 katika hizo zitamwagika zisipokingwa.

Tunajua vizuri atakachosema mwananchi wa mtaa ambao bomba lake hutoa hewa tu. Atauliza: sisi tunaamka alfajiri kutafuta ndoo mbili, nyinyi mnaoshea vioo ndoo thelathini? Swali lake ni la haki, na kiongozi asiyeweza kulijibu asitie saini. Jibu letu ni hili. Kwanza, maji yanayotoka katika utando yakingwe katika tangi na yatumike vyooni na kuoshea nyua; kuyaacha yaende mtaroni ni israfu. Pili, wakati wa uhaba, madirisha yasubiri. Tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza, tumrejee mzee wetu aliyekinga maji ya mvua juu ya paa lake. Maji ya mvua hayakupita katika chokaa, na kwa kawaida madini yake ni machache. Tukiyakuta na miligramu 50 kwa lita, kazi ile ile ya siku itadai kuondoa gramu 18 badala ya 144, na huenda resini peke yake ikatosha bila ya utando, bila ya pampu kubwa na bila ya kumwaga ndoo hata moja. Kwa jengo lenye paa pana, tangi la mvua linaweza kuwa ununuzi bora kuliko mtambo wowote wa katika kitabu cha matangazo.

Tuje katika upondo wenyewe. Upo wa alumini, ambao bei yake ni nafuu lakini ni mzito ukirefuka. Upo wa nyuzi za kioo, ambao unafaa kwa urefu wa wastani lakini huyumba ukizidi. Upo wa nyuzi za kaboni, ambao ni mwepesi na mkakamavu, na bei yake ni kubwa. Upondo wa mita 6 hufika madirisha ya ghorofa ya kwanza. Kwa ghorofa ya tatu itahitajika mita 12 hivi, na hapo wepesi si anasa tena, kwa sababu bega la msafishaji ndilo linalobeba. Kinunuliwe kinacholingana na jengo lililopo, si kirefu kuliko vyote. Na ijulikane kwamba alumini na kaboni hupitisha umeme, na kwamba upondo wa aina yoyote uliolowa maji ni hatari karibu na waya. Mahali palipo na nyaya za umeme mbele ya madirisha, kazi isianze mpaka Shirika la Umeme lishauriwe.

Burashi nazo zina hukumu yake. Ziko za nailoni, na ziko zinazotengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Hakuna sababu ya kuwaletea wafanyakazi wetu hizi za pili, hali ya kuwa za nailoni zipo na zinafanya kazi. Lakini ikiwa zabuni imeandika neno burashi na kunyamaza, muuzaji halaumiwi kwa atakacholeta.

Vile vile si kila dirisha ni la upondo. Nyumba za Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zina madirisha ya mbao na kuta za chokaa ambazo adui wake mkubwa ni unyevu. Kuzimwagia maji kwa burashi ni kuzidhuru. Huko ibaki kazi ya mkono na kitambaa kikavu, ikifanywa kutoka ndani kila inapowezekana.

Kwa hiyo bajeti iandikwe kwa miaka mitano, si kwa siku ya kupokea mzigo. Iwe na mafungu matano yaliyo wazi: vifaa vyenyewe, machujio, utando, resini na burashi za kubadilisha, vipuri vya pampu, betri na mipira, mafunzo na viatu visivyoteleza kwa wafanyakazi, na usafiri. Katika usafiri isisahauliwe kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 500 ni nusu tani, na gari litakalolibeba lazima liwe na uwezo huo na tangi liwe limefungwa barabara. Bajeti yenye fungu la kwanza tu itazaa kifaa kitakachofanya kazi miezi michache, kisha kilale ghalani kikiliwa na kutu.

Wala si lazima kila wizara iwe na mtambo wake. Tunashauri kiwepo kikosi kimoja cha usafi wa majengo ya umma Unguja na kimoja Pemba, kila kimoja na vifaa vyake, ratiba yake na daftari lake. Pemba isiwekwe kusubiri kifaa kivuke kwa meli kila baada ya miezi. Majengo ya Chake Chake, Wete na Mkoani yanapigwa na upepo ule ule. Katika daftari iandikwe kila siku: jengo, saa za kazi, lita zilizotumika, na kipimo cha maji kabla na baada ya kuchujwa. Kipimo kikianza kupanda, resini imeshiba, na mtunza ghala atajua mapema badala ya kuona madoa. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Tunatoa wito kwa maafisa wa mipango na ununuzi: pimeni maji, hesabuni madirisha, tazameni nyaya, kisha ndipo muandike tarakimu. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa zabuni, lakini hakuna sheria itakayomsaidia mnunuzi asiyejua anachokitaka. Na kwa wakuu wa taasisi tunasema: ngazi ndefu ziteremshwe leo, hata kabla ya upondo kufika. Kioo chenye vumbi kinaweza kungojea bajeti ya Julai. Mfanyakazi aliyeanguka hangojei.