Wivu wa mapenzi
KIBARAZANI, na Zaina Mbwambo

"Chanzo cha tukio hilo ni wivu wa mapenzi." Sentensi hiyo nimeiandika mara ambazo siwezi kuzihesabu. Enzi zangu za kuripoti habari za polisi tulijipanga asubuhi ofisini kwa kamanda wa mkoa, notibuku mkononi, chai ya kukopa tumboni. Kamanda anasoma: ajali ya bodaboda, gobore limekamatwa, magunia mawili ya bangi, na mwanamke wa miaka 30 na ushei ameuawa kwa panga na mumewe. Chanzo? Wivu wa mapenzi. Uchunguzi unaendelea. Tunafunga notibuku, tunakimbilia daladala.

Hebu yatazame maneno hayo yanavyofanya kazi. Ukishayatamka tu, marehemu ana kesi ya kujibu: mtu haonewi wivu bure, lazima kuna simu aliipokea, kuna mtu alionekana naye. Muuaji naye ametunukiwa mapenzi. Alipenda kupita kiasi, ndiyo tabu yake.

Siku moja mhariri alinituma msibani nikatafute picha ya marehemu wa namna hiyo. Picha sikupata. Nilipata daftari. Mjumbe wa shina pale mtaani, mzee mstaafu wa reli, alikuwa na kaunta buku aliyoandika kila shauri lililofika barazani kwake: mbuzi kala mihogo ya watu, mpangaji kagoma kuchangia umeme. Jina la marehemu lilikuwamo mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya kwanza jino. Mara ya pili mkono. Mara ya tatu mzee hakuandika kilichoumia, aliandika tu "ugomvi wa kawaida". Na chini ya kila shauri, kwa ule mwandiko wa mshazari wa watu waliosoma zamani: Mume ameonywa. Mke ametakiwa kupunguza mdomo. Wamepatana.

Nikamuuliza mbona hakulifikisha polisi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, niwavunjie watu nyumba yao?"

Habari yangu ilitoka na mistari minne. Daftari halikutajwa. Wivu wa mapenzi ulitajwa.

Neno ninalogombana nalo leo ni hilo la mzee: ugomvi. Ugomvi una watu wawili, na suluhu yake tumeirithi na ina manufaa yake. Imetuokoa kwenye mipaka ya mashamba, kwenye madeni, hata kwa mke na mume waliosusiana chakula. Wagombanao ndio wapatanao, sawa. Ila anayepigwa hakugombana na mtu. Akiitwa kupatana, hana cha kutoa mezani isipokuwa kunyamaza. Na mpigaji naye anajifunza bei: jino moja, onyo moja. Mkono, kreti la soda na kuombana radhi mbele ya wazee.

Sheria ilishasema. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inamtaka anayetafuta talaka apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, ukiacha mazingira machache, na ukifika barazani unarudi kule kule kwa mzee wa reli. Uganda wana sheria mahususi ya ukatili wa majumbani tangu 2010, Kenya tangu 2015, na mahakama zao zinaweza kumzuia mpigaji asimkaribie aliyempiga. Kwetu Bara shauri huingia kwenye Kanuni ya Adhabu kama shambulio, sawa na la walevi wawili waliopigana kilabuni, kana kwamba mshtakiwa na mlalamikaji hawachangii kitanda. Ndiyo maana mwanamke anachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, Jumatatu, na Ijumaa yuko kaunta ya kituo akiomba kesi ifutwe. Askari anaguna. Lakini aliye mahabusu ndiye mlipa kodi ya chumba, na mama mkwe ameshapiga simu mara sita.

Katika utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya zile walizosomewa: kaunguza chakula, katoka bila kuaga, kabishana, kapuuza watoto, kamnyima unyumba. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Tumewazidi! Sikushangaa sana. Kwenye vikao vya familia wanaokaa mkekani na kumgeukia bibi harusi wa jana ni mashangazi, na mimi ni shangazi. Binamu yangu alipokuja na jicho limevilia damu, tulimpa uji, tukamkanda, kisha nikamuuliza kwa kinywa changu hiki: "Kwani ulimfanya nini?" Alinitazama kwa lile jicho moja lililokuwa zima. Hajawahi kunijibu mpaka leo.

Nirudi kwenye ile nyumba ya msiba, maana kulikuwa na mtoto. Wa kiume, miaka tisa. Jirani alinisimulia kwamba usiku alikuwa akisikiliza pikipiki ya baba yake. Ikipandishwa barazani kwa mkupuo mmoja, usiku huo ni shwari. Ikigonga ngazi mara mbili, anamwamsha mdogo wake, anamviringisha shuka, anamvusha kwa jirani, kisha anarudi kusimama mlangoni kwa mama yake. Miaka tisa! Kwenye daftari la mjumbe hayumo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walishapigwa na mtu mzima au mwenzi kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono. Mtoto kama huyu wa pikipiki, hata asipoguswa, naye ningemhesabu.

Msaada upo, japo umetawanyika. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali, kama Amana ya Dar es Salaam na Mnazi Mmoja ya Zanzibar, zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakaa chini ya paa moja ili mwathirika asirudie simulizi lake kwa watu watano. Simu ya mtoto ni 116, bure. Kinachokosekana sana ni mahali pa kulala. Nyumba salama ni chache mno. Kwa hiyo siku hizi akija mtu na jicho lile, swali langu la kwanza ni: "Leo utalala wapi, na watoto?" Jibu lake mara nyingi ni sebuleni kwangu. Mume wangu ameshazoea.

Wiki iliyopita kijana wetu wa habari za mikoani aliniletea habari nimpitishie. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule wa miaka yote. Nikaukata. Akaniuliza, kwa adabu lakini kashika kiuno, "Sasa shikamoo mama, niandike nini? Kamanda ndivyo alivyosema." Nikamwambia ampigie mwenyekiti wa mtaa, aulize marehemu alikwenda kwake mara ngapi. Alikaa kwenye simu karibu saa nzima. Mara mbili kwa mwenyekiti, mara moja polisi, na mara moja kwa kaka yake, aliyemrudisha kwa mumewe na nauli akamlipia.

Habari ilitoka na aya tatu zaidi. Ilibidi tupunguze tangazo la mnada.