Mbwa asiyeitika akiitwa, jaribu filimbi

Wazazi wenzangu, leo naomba tumzungumzie yule mwanafamilia anayelala nje. Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba mbwa wao anamsikiliza baba peke yake. Watoto wakimwita ni kama hawajasema kitu, na bibi akimwita ndiyo anakimbia kabisa. Anauliza kama ni kwa sababu mbwa mwenyewe ni koko. Nimejikuta nacheka, maana kwangu ilikuwa hivyohivyo, mpaka siku ya mayai.

Siku hiyo geti liliachwa wazi. Mbwa wetu, Bosi, akavuka barabara kumfuata kuku wa watu. Mwanangu wa miaka tisa akasimama getini akaita kwa nguvu zake zote, "Bosi, njoo! Njoo!" Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Bosi akatii papo hapo. Aligeuka akaja mbio, na katikati yao kulikuwa na bodaboda iliyobeba trei mbili za mayai. Kijana wa watu akakwepa, akaanguka, akachubuka kiwiko. Mayai tuliyalipia. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mwanangu alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye lami kwenda kumchukua mbwa wake.

Usiku ule niliona kosa letu. Bosi tulikuwa tumemfundisha neno moja tu, "njoo", na siku ile lilikuwa neno baya kuliko yote. Alichohitaji kusikia ni "kaa hapohapo ulipo."

Tuna jirani, mzee mstaafu, mwenye Labrador. Nilishawahi kumwona akipuliza filimbi mara moja, mlio mrefu, na yule mbwa akakaa chini hatua kama hamsini kutoka kwake, macho yote kwa mzee. Nikamfuata. Akanieleza kwamba utaratibu ule ni wa wawindaji wa ndege wa Uingereza. Mwindaji akishapiga risasi, mbwa ndiye anayekwenda mbali kwenye majani kumtafuta ndege aliyeanguka na kumleta bila kumtafuna. Ukipiga kelele, ndege waliobaki wanaruka wote, kwa hiyo wanatumia filimbi. Mlio mmoja mrefu maana yake simama, kaa, nitazame. Milio mifupi ya harakaharaka maana yake rudi. Miwili mifupi, geuka utafute upande mwingine. Huo wa tatu sisi wa mjini hatuna kazi nao.

Filimbi zenyewe zina namba. Zinazojulikana sana ni za Acme, zinazotengenezwa Birmingham na kampuni ya J Hudson iliyoanza mwaka 1870. Namba 210.5 wenye mbwa aina ya spaniel huipenda, na 211.5 ni ya wenye Labrador. Msihangaike sana na namba. Faida yake ni moja: ukiipoteza, unanunua nyingine yenye sauti ileile. Mimi nilinunua mbili za plastiki zinazofanana, duka la vifaa vya michezo, zisizo na ile kokwa inayochezacheza ndani. Kipenga chenye kokwa hulia tofauti kila anayepuliza anapobadilika.

Sasa nirudi kwa swali la mama wa Morogoro. Ni kweli mbwa hawafanani. Labrador na spaniel wamechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa tabia ya kugeuka nyuma kumtazama bwana wao. Mbwa wanaofuata harufu wakishainamisha pua, dunia nyingine haipo. Basenji, wale wa asili ya Kongo wasiobweka kama wengine, huwinda kwa akili yao wenyewe. Na koko wetu? Yeye na wazazi wake wamepona mitaani kwa kujiamulia mambo, hakuna aliyewaamulia. Lakini masikio ni yaleyale, na tumbo ni lilelile. Filimbi haina uchawi kwa mbwa yeyote, hata kwa Labrador. Ni mlio mtupu mpaka uufunge na kitu anachokipenda. Labrador atafanya kazi kwa kupapaswa kichwa. Koko anataka mshahara, mkononi, kila siku.

Kwetu mshahara ulikuwa dagaa wakavu waliokatwakatwa. Kwa wiki mbili za kwanza hatukumwita kabisa. Tulipuliza milio mitatu mifupi kila bakuli lake lilipowekwa chini, asubuhi na jioni, basi. Wiki ya tatu tukapuliza akiwa upande wa pili wa uwanja, akaja huku masikio yamesimama, akapewa dagaa. Baadaye tukatoka naye nje na kamba ndefu ya kama mita kumi, kwa sababu kanuni ya mzee ilikuwa hii: usipulize kama huna njia ya kuhakikisha anatii. Ukipuliza mara tano akapuuza mara tano, umemfundisha kupuuza.

Kilichonishangaza ni bibi. Sauti yake ni ya chini, ya mume wangu ni ya ukali, ya dada anayetusaidia kazi ina lafudhi ya kwao, na ya mwanangu huwa nyembamba akiogopa. Bosi alikuwa anasikia watu wanne na hasira nne tofauti. Kwenye filimbi wote tukawa mtu mmoja. Filimbi haikasiriki, na mbwa hajui kama aliyepuliza amekuja na fimbo au na dagaa.

Ndiyo maana mume wangu alituharibia kazi. Siku ya kumwogesha dawa ya kupe alipuliza, Bosi akaja kwa furaha, akakamatwa akatumbukizwa kwenye beseni. Siku mbili nzima kila akisikia filimbi alijificha chini ya gari. Tukaanza tena na bakuli. Kwa dawa, kwa sindano, kwa kugombezwa, mfuate mbwa mwenyewe alipo. Usimwite kwa mlio.

Mlio wa "kaa" ulichukua muda zaidi, karibu miezi miwili. Kwanza ajue kukaa kwa neno. Kisha unapuliza mlio mmoja mrefu, unanyoosha mkono juu, ndipo unasema "kaa". Akishazoea, neno linaondoka. Halafu, na hapa ndipo wengi tunakosea, usimwite aje kuchukua zawadi yake. Mpelekee pale alipokaa. Ukimwita, atajifunza kwamba kukaa ni kituo tu cha njiani.

Mtaani kwetu kulikuwa na kikwazo kingine. Walinzi wa usiku wanapuliza vipenga, na mwalimu wa michezo wa shule ya jirani naye asubuhi. Mwanzoni Bosi alikuwa anakaa kila saa nane za usiku, maskini. Tulichofanya ni kuchagua filimbi yenye sauti nyembamba kuliko zao, na taratibu akatofautisha.

Kuhusu watoto niseme wazi. Wa miaka tisa anapuliza, mtu mzima akiwepo. Wa miaka minne hapulizi. Aliiba filimbi siku moja akaifanya ngoma, Bosi akaja mara sita bila kupata kitu, ya saba akalala. Sasa filimbi inaning'inia kwenye msumari ambao mdogo haufikii. Hakuna kupuliza karibu na sikio la mbwa wala la mwenzake, na hakuna kumsumbua mbwa anayekula, filimbi au bila filimbi.

Na nisiwadanganye: Bosi akiona paka, filimbi ni upepo. Geti bado tunafunga.

Wiki iliyopita gari la maji lilikuja, geti likabaki wazi kupitisha mpira, na Bosi akawa ng'ambo, mbele ya kibanda cha chipsi. Mwanangu alikimbilia msumarini, sio barabarani. Akapuliza mlio mrefu, Bosi akatazama tu. Akapuliza tena na mkono juu, na Bosi akaketi pale pembeni ya ndoo ya maganda ya viazi. Nikavuka mimi na kamba na dagaa. Yule kijana wa mayai bado anapita njia yetu kila Jumamosi, na akifika karibu na geti letu anapunguza mwendo mwenyewe.